Mnacheka mbio za duara? Njooni Lusahunga!

Jumapili jioni, chuoni

Nilipanga leo niandike habari za bumu kuchelewa, lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu Ijumaa na nisipolitema sitalala. Bumu litasubiri. Si tumeshazoea kulisubiri?

Jambo lenyewe ni hili. Hapa hosteli kuna wasomi ambao wakiona NASCAR kwenye runinga wanacheka mpaka machozi. "Wazungu hawana kazi! Watu wazima wanazunguka duara masaa matatu halafu wanaishia palepale walipoanzia!" Sawa, kila mtu na maoni yake. Lakini dakika tano baadaye wasomi haohao wanasimuliana, macho yanang'aa, jinsi basi fulani lilivyolipita basi fulani kwenye kona, jinsi suka fulani "alivyomfundisha adabu" mwenzake kutoka Kahama mpaka Nyakanazi. Hapo hakuna anayecheka. Hapo ni sifa tupu, utadhani wanasimulia goli la fainali.

Mimi ni mtoto wa Ngara. Barabara hiyo naijua. Na leo nasema bila kumung'unya maneno: zile mbio za duara mnazozicheka zina akili kuliko mbio zetu. Kichekesho ni sisi.

Kwa wasiojua jiografia (na humu chuoni ni wengi, kuna jamaa mwaka wa pili bado anadhani Ngara ni mtaa wa Bukoba mjini), ngoja niwachoree ramani. Ukitoka Dar unapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, unaingia wilaya ya Biharamulo pale Nyakanazi. Hapo mnaachana na wanaokwenda Kibondo na Kigoma. Unasogea mpaka Lusahunga, hapo mnaachana na wanaokwenda Biharamulo mjini na Bukoba. Sisi wa Ngara tunashika njia ya Rusumo, kilomita 92, tunapita Nyakahura, tunaingia Ngara, tunafika Benaco. Pale Benaco anayekwenda Ngara mjini na Kabanga anakata, anayekwenda Rwanda anateremka mpaka daraja la Mto Kagera.

Barabara hiyo ndiyo mlango wa nchi mbili zisizo na bahari, Rwanda na Burundi, na mizigo mingine inaendelea mpaka Kongo. Kwa hiyo kila kitu kinapita hapo: semi-trela za makontena, matenki ya mafuta, mabasi, Noah na Probox za michomoko zimejaza watu mpaka buti, bodaboda, baiskeli zenye mikungu ya ndizi, mbuzi, na watoto wa shule wenye sweta wanaotembea pembeni kwa sababu pa kutembea pengine hakuna.

Halafu zipo IT.

Mtu wa Dar anaziona IT zikitoka bandarini halafu anazisahau. Sisi tunazipokea mwisho wa safari. Ni gari la mtumba lililoshushwa melini, lina kibao cha muda cha IT, linaendeshwa na dereva mmoja mpaka mpakani kwa ajili ya mwenye nalo aliyeko Kigali au Bujumbura. Zinakuja kwa makundi, tano, saba, kumi, zimefuatana kama siafu, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza. Sasa niambieni, mbio za magari ya kawaida yasiyotengenezwa maalumu kwa mashindano, kumi kwa mpigo, pua kwa mkia, Kiingereza chake ni nini? Stock car race! Maana yake ndiyo hiyohiyo: gari kama lilivyotoka dukani. Sisi tunazo tayari, wadau, bure kabisa, bila tiketi. Tofauti ni kwamba kule anayekaa karibu na njia amekaa nyuma ya ukuta na uzio, na huku ni bibi yangu na jembe lake.

Tena mkicheka asili ya mchezo huo mnajicheka wenyewe, maana umezaliwa na gongo. Kweli kabisa! Kusini mwa Marekani, miaka ya marufuku ya pombe na hata baadaye, vijana walikuwa wanabeba gongo usiku kwa magari ambayo kwa nje ni ya kawaida kabisa, kwa ndani injini zimechezewa ili polisi wasiwakamate. Magendo matupu, kama yale ya kahawa ya kwetu Kagera kwenda Uganda. Siku za mapumziko wakaanza kutambiana nani ana gari linalokimbia zaidi. Wakashindana mashambani, kwenye vumbi, kwenye mchanga wa pwani ya Daytona. Mwaka 1948 mtu mmoja aitwaye Bill France akawakusanya, wakaunda chama chenye kanuni, ndiyo NASCAR. Mwaka 1959 kikafunguliwa kiwanja cha Daytona, mzunguko wa kilomita nne, kona zimeinuliwa nyuzi 31 ili gari lisichomoke nje.

Mmeona walichofanya? Walikuwa na vijana wenye wazimu wa mwendo kama wa kwetu. Hawakuwahubiria tu. Waliwatoa barabarani wakawapa mahali pao.

Na mmoja wa vijana hao nataka mumjue kwa jina: Wendell Scott, mtu mweusi wa Danville, Virginia. Alikuwa dereva teksi, alibeba gongo, na fundi wa magari yake alikuwa yeye mwenyewe. Mchomoko hasa! Tarehe 1 Desemba 1963 alishinda mbio za daraja la juu kule Jacksonville, Florida. Unajua walimfanyia nini? Bendera ya ushindi akapewa mzungu. Masaa yakapita ndipo wakakubali kwamba mshindi ni Scott, watazamaji wameshakwenda zao. Alifariki 1990. Familia yake ilikabidhiwa kombe rasmi mwaka 2021, miaka 58 baada ya ushindi. Kwa hiyo msidhani nawasifia watu hao kama malaika. Dhambi zao zipo na ni nzito. Ninachosifia ni kitu kimoja tu, nacho ndicho kiini cha maneno yangu ya leo: namna wanavyofanya mtu akifa.

Sikilizeni vizuri hapa.

Mwaka 1990 fundi mmoja aligongwa na kufa mahali magari yanapoingia kubadilisha tairi. Mwaka uliofuata wakaweka kikomo cha mwendo sehemu hiyo. Mwaka 1987 gari liliruka likachana uzio wa watazamaji kule Talladega. Mwaka uliofuata wakaanza kuyawekea magari kibati chenye matundu cha kupunguza hewa inayoingia kwenye injini, ili yasifike mwendo ule tena kwenye viwanja vikubwa. Halafu ikaja mwaka 2000, madereva watatu wakafa ndani ya miezi sita. Tarehe 18 Februari 2001, mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, akafa Dale Earnhardt, bingwa mara saba, mtu ambaye kwao alikuwa kama Yanga na Simba ukiviunganisha pamoja.

Wangeweza kusema "alikuwa anakwenda kasi". Ni kweli alikuwa anakwenda kasi! Ndiyo kazi yake! Lakini hawakuishia hapo. Mwaka huohuo wakalazimisha kila dereva avae kifaa cha kushika kichwa na shingo. Mwaka 2002 zikaanza kufungwa kuta mpya za chuma zenye povu nyuma yake, ambazo gari likizipiga zinabonyea na kula ile nguvu badala ya kumrudishia dereva. Viti vikabadilishwa, magari yenyewe yakaundwa upya. Na tangu siku ile ya 2001, katika mbio za daraja hilo la juu, hajafa dereva mwingine. Mwaka 2020 Ryan Newman alipinduka Daytona, gari likaburuzika juu chini huku linawaka cheche, dunia nzima ikajua basi tena. Siku mbili baadaye alitoka hospitali kwa miguu yake, kashika mikono ya watoto wake.

Na hizo kuta, nani alizibuni? Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nebraska. CHUO KIKUU, wadau! Watu kama sisi, wenye maabara, walimu na wanafunzi. Sisi hapa tunao wahandisi wanaokaa kwenye vimbweta wakibishana nani mkali, Scania au Volvo. Naomba siku moja wabishane kuhusu kingo za barabara za kona za Ngara. Siku moja tu!

Sasa twende kwetu. Ajali ikitokea, taarifa inajulikana kabla haijasomwa. "Chanzo cha ajali ni mwendokasi na uzembe wa dereva, ambaye ametokomea kusikojulikana. Natoa wito kwa madereva kuzingatia sheria za usalama barabarani." Mwisho. Miili inazikwa, gazeti linafungiwa maandazi. Kesho yake kona ni ileile, ukingo haupo, alama ya kona imeng'olewa ikauzwa chuma chakavu, na lori bovu limeegeshwa gizani na matawi ya miti ndiyo yaliyowekwa kuwa taa ya tahadhari.

Mtanijibu: kwani uzembe haupo? Upo, tena mwingi. Lakini jiulizeni, uzembe huo kwa nini unafanana hivyo? Kwa nini madereva mia, wa makabila tofauti, dini tofauti, wengine wazee wenye wajukuu, wote wakipewa basi moja kwenye njia moja wanakuwa wazembe kwa namna ileile? Kitu kinachotokea kwa kila mtu si tabia ya mtu tena. Ni mpangilio wa kazi.

Dereva wa IT analipwa kwa gari analofikisha. Akifika anapanda basi kurudi Dar kuchukua jingine. Akilala njiani, hiyo ni hela yake imelala. Dereva wa mchomoko anapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, abiria wawe wengi au wachache. Dereva wa basi anajua aliyetangulia mbele ndiye anayezoa abiria wa Nyakanazi na Lusahunga, na wa nyuma anaokota makombo. Mkishapanga malipo namna hiyo mmeshapeperusha bendera ya kuanza mbio. Kuwaambia madereva wasikimbie ni sawa na kumwaga mahindi mbele ya kuku halafu unawasomea sheria.

Likizo iliyopita nilipanda basi, la kampuni ambayo sitaitaja, kwenda nyumbani. Baada ya Kahama tukakutana na jingine la njia ileile. Ikaanza. Tunapita, tunapitwa, tunapita. Kifaa kikawa kinalia pii pii pii kuonyesha mwendo umezidi, konda akaongeza sauti ya muziki. Nikasimama nikaenda mbele nikasema, "Kaka, samahani, punguza kidogo, tuna watoto humu." Mnadhani nani alinijibu? Si dereva. ABIRIA! "We msomi, kama unaogopa kufa shuka upande baiskeli!" "Suka, usikubali, mwache huyo!" Mama mmoja wa makamo mwenye mtoto mgongoni ndiye pekee aliyeniunga mkono. Akasema taratibu, "Baba, sisi tunataka kufika, hatutaki kuwahi." Basi zima likamcheka.

Sentensi ile ya yule mama ina maana kuliko semina zote za wiki ya nenda kwa usalama. Kufika na kuwahi ni vitu viwili.

Na huko kuwahi kwenyewe ni kiasi gani? Tufanye hesabu ya darasa la saba. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inasema 50 kwenye makazi ya watu, na 80 kwa mabasi na magari mazito. Lusahunga mpaka Rusumo ni kilomita 92. Ukienda 80 mfululizo unatumia dakika 69. Ukienda 110 mfululizo, jambo ambalo haliwezekani kwa kona na vijiji vilivyopo, unatumia dakika 50. Umeokoa dakika 19. Dakika kumi na tisa! Halafu unafika mpakani unakuta foleni ya karatasi za forodha. Kwa upande mwingine, nguvu ya gari kwenye ajali haiongezeki kwa hesabu ya kujumlisha, inakwenda kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kutoka 80 kwenda 110 nguvu ya kugonga inakaribia kuwa mara mbili. Unanunua dakika 19 kwa kujigonga mara mbili. Biashara gani hiyo?

Najua kuna mzee wa Nyakahura atasoma hapa aseme, "Mwanangu, wewe hukuwepo. Kukimbia kulikuwa dawa." Namheshimu, na ana hoja ambayo lazima niijibu vizuri. Kuna miaka barabara hizi za Biharamulo na Ngara zilikuwa za majambazi wenye silaha za kivita. Baada ya Aprili 1994, Wanyarwanda kama robo milioni walipovuka Rusumo ndani ya saa 24 hivi na Benaco ikageuka mji wa mahema, bunduki za vita vya majirani zilizagaa ukanda huu kwa miaka mingi. Mapori haya, ambayo sehemu kubwa yake tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yalikuwa maficho. Dereva aliyepunguza mwendo porini alikuwa anajitafutia risasi. Kwa hiyo tulijifunza kumpenda dereva anayekanyaga. Aliokoa watu kweli.

Lakini mzee wangu, kumbuka na nusu ya pili ya historia hiyo. Kilichotufikisha salama miaka ile hakikuwa mwendo peke yake. Ilikuwa eskoti! Magari yanakusanywa, askari wenye bunduki wanasindikiza, msafara unakwenda pamoja. Kwenye NASCAR kuna gari linaloongoza wenzake kabla ya kuanza na kila kukiwa na hatari. Bendera ya njano ikipepea, magari yote yanapanga mstari nyuma ya gari hilo na HAKUNA anayempita mwenzake mpaka njia isafishwe. Hata anayeongoza, hata bingwa. Sisi tuliishi na bendera ya njano miaka mingi, tuliiita eskoti, na tulitii. Kwa hiyo asije mtu kuniambia Mswahili hawezi kupanga mstari. Tulipanga, kwa sababu tuliamini hatari ipo. Majambazi wamepungua, hatari imebadilisha sura, sasa inapiga honi na ina stika ya "Mungu Mkubwa" kwenye kioo.

Na hapo naingia kwa ndugu zangu wa "siku ikifika imefika". Jamani, nami naamini Mungu. Lakini naona anasingiziwa mengi. Siku zinazofika kwenye kona zisizo na ukingo ni nyingi mno kuliko siku zinazofika kwenye kona zenye ukingo. Hiyo nayo ni kudra?

Kuna wengine watasema tunao utamaduni wetu wa mbio, Safari Rally, hatuhitaji duara la Wamarekani. Vizuri, tuuzungumze. Safari ilianza 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, na Peugeot 404, gari ambalo babu zetu walipanda kama teksi. Joginder Singh alishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano. Fahari yetu hiyo, siikatai. Lakini Safari ile ya zamani ilikimbiwa kwenye barabara zilizo wazi, na ng'ombe na mabasi yamo. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, mashindano yanafanyika kwenye vipande vilivyofungwa, bila magari ya watu wengine. Yaani hata Safari Rally yenyewe imeacha kushindana katikati ya wananchi. Tumebaki sisi na IT zetu.

Sasa mtauliza, msomi, unataka nini? Kulalamika kila mtu anajua. Haya, orodha yangu hii hapa.

Kwanza, malipo. Dereva wa basi, wa lori na wa IT alipwe mshahara na posho ya siku, si kwa kuwahi. Ratiba ya basi iwe na muda wa chini kabisa wa kufika kila kituo, na atakayefika kabla ya muda huo apigwe faini tajiri, si dereva. Mkimgusa tajiri mfukoni mtaona mwendo unavyoshuka wiki hiyohiyo.

Pili, vile vifaa vya kufuatilia mwendo vilivyoanza kufungwa kwenye mabasi mwaka 2017, ambavyo sasa viko chini ya LATRA, visiwe vya mabasi tu. IT inayotoka bandarini inakwenda safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Ifungiwe kifaa bandarini, kivuliwe mpakani. Ikizidi mwendo, kampuni iliyoitoa isitoe nyingine mwezi mzima. Na sasa kwa kuwa tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, jambo hili si la kungoja.

Tatu, kona. Kila mahali palipofia watu pachunguzwe na mhandisi, si polisi peke yake, na ripoti ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji ili tujue kimebadilishwa nini. Kama hakikubadilishwa kitu, basi tuambiwe wazi kwamba tunasubiriwa wengine.

Nne, na hapa ndipo mtakaponicheka, tupeni kiwanja. Ndiyo, duara! Duara la udongo, mzunguko wa nusu kilomita, lenye tuta pande zote na watazamaji mbali. Lami haihitajiki. Afrika Kusini wanashindana kwenye viwanja vya udongo vya namna hiyo, na magari mengi ni machakavu yaliyofungwa mabomba ya chuma ndani. Greda linalochonga barabara ya kijiji linaweza kuchonga duara. Wapo vijana Benaco wanaovunja gari na kulirudisha kabla jua halijazama, wana mikono ya Wendell Scott, na kazi pekee tuliyowapa ni kubeba watu kumi na mbili kwenye Probox.

Sisemi kiwanja kitamaliza ajali. Bila lile la kwanza, la malipo, kiwanja kitakuwa burudani tu na barabara itaendelea kuua. Wala sisemi mwendo ni dhambi. Mwendo ni mtamu, mimi mwenyewe naupenda, ndiyo maana naangalia hizo mbio mnazozicheka. Ninachosema ni kwamba anayeshindana awe amekubali mwenyewe, amevaa kofia, amefungwa mkanda, na daktari anasubiri pembeni. Yule mama wa basini hakukubali. Mtoto wa sweta hakukubali. Wameingizwa kwenye mashindano bila kuulizwa, na kwenye mashindano hayo wao hawana hata namba mgongoni.

Tano na ya mwisho ni yetu, haihitaji bajeti wala mbunge. Mwisho wa muhula huu mamia yetu tutapanda mabasi kwenda Kagera, Kigoma, Mwanza, Shinyanga. Tunasoma sheria, uhandisi, takwimu, udaktari. Akisimama mtu mmoja kusema "punguza mwendo", asimame na wa pili. Wakiwa kumi konda hawezi kuwashusha wote porini, nani atamlipia tajiri? Na kama huwezi kusimama, basi angalau funga mdomo, usishangilie. Dereva anakimbia kwa sababu ya tajiri, lakini anaongeza kwa sababu yenu.

Wanaobisha waje, nipo. Ila aje na hoja, asije na jina la suka wake.

Haya, nakwenda kupanga foleni ya maji, leo yametoka. Wiki ijayo tutaongea habari za bumu, kama litakuwa limefika. Likiwahi nitashangaa.